Nicolaas Beets: mchungaji aliyebaki na mashairi akaiacha nathari

Mwezi Machi 1839, katika Chuo Kikuu cha Leiden, kijana wa miaka 24 aitwaye Nicolaas Beets alipata udaktari wa teolojia. Tasnifu yake ilikuwa ya Kilatini, na ilimhusu Aeneas Sylvius Piccolomini, Mwitalia wa karne ya 15 aliyeanza maisha akiwa mshairi na mtunzi wa hadithi ya mapenzi, kisha akageuka, akapewa upadri, na mwaka 1458 akachaguliwa kuwa Papa Pius wa Pili. Beets alichunguza sababu zilizobadili tabia na fikra za mtu huyo. Mwaka huohuo wa 1839 mchapishaji wa Haarlem alitoa kitabu cha visa vya maisha ya kila siku, Camera Obscura, kilichoandikwa na mtu aliyejiita Hildebrand. Hildebrand alikuwa Beets mwenyewe. Mwaka uliofuata akawekwa kuwa mchungaji wa kijiji cha Heemstede, akaoa, na kwa miaka zaidi ya 60 iliyobaki ya maisha yake hakuandika tena kitabu kingine cha namna ile.

Maelezo yanayozoeleka ni kwamba mimbari ilimuua mwandishi. Kijana mwenye kipaji akavaa joho jeusi, akaanza kutunga beti za kuwafariji waumini, na basi, habari yake ikaishia hapo. Maelezo haya yana ukweli ndani yake, lakini yanachanganya mambo ambayo inafaa yatenganishwe. Beets hakuacha kuandika. Aliendelea kutunga mashairi hadi uzeeni, vitabu kwa vitabu, na aliyachapisha kwa jina lake halisi. Alichokiacha ni nathari. Na nathari ndiyo iliyokuwa kazi yake bora. Swali la kweli basi ni hili: kwa nini mchungaji wa Kiholanzi wa karne ya 19 aliruhusiwa, hata alitarajiwa, kuwa mshairi, lakini hakuweza kuendelea kuwa Hildebrand?

Mwanafunzi wa Byron

Beets alizaliwa Haarlem tarehe 13 Septemba 1814. Baba yake alikuwa mfamasia, mtu wa chupa, mizani na vitabu vya kemia, na mtoto alitazamiwa kuurithi ufamasia huo. Hakuupenda. Alichokipenda ni lugha. Akiwa bado kijana mdogo alijifunza Kiingereza vizuri, jambo ambalo halikuwa la kawaida katika nchi ambayo wasomi wake walisoma zaidi Kifaransa na Kijerumani, na Kiingereza hicho kikamfungulia mwandishi Walter Scott na mshairi Lord Byron. Mwaka 1833 aliingia Leiden kusoma teolojia.

Byron alifariki Ugiriki mwaka 1824, lakini katika miaka ya 1830 jina lake lilikuwa bado linawaka kote Ulaya. Wahusika wake ni wanaume wazuri wa sura, wenye siri nzito na dhambi isiyotajwa wazi, wanaozunguka peke yao milimani na baharini wakiidharau jamii. Vijana wa Leiden waliokusanyika katika kikundi cha wapenzi wa ulimbwende, yaani fasihi ya hisia kali ya wakati huo, walikariri mistari yake. Beets alikuwa miongoni mwao, pamoja na Johannes Kneppelhout, Bernard Gewin na Johannes Hasebroek, ambao wote baadaye walijulikana kwa vitabu vyao. Wawili kati yao, Gewin na Hasebroek, nao walikuja kuwa wachungaji.

Beets alianza kumtafsiri Byron akiwa mwanafunzi: shairi la mfungwa wa ngome ya Chillon, lile la Mazeppa aliyefungwa juu ya farasi mwitu, na Parisina, kisa cha mke wa mtawala na mwana wa mumewe. Kazi hii ilikuwa ngumu kuliko inavyoonekana. Kiingereza kina maneno mengi ya silabi moja, na Byron aliyatumia kujenga mistari ya mizani nane inayokwenda mbio, kina kikianguka mara nyingi kwenye silabi yenye mkazo. Kiholanzi kina tabia nyingine. Vitenzi vyake vingi na nomino zake nyingi za wingi huishia na silabi dhaifu, kwa hiyo mkazo unabaki nyuma ya kina. Msomaji wa Kiswahili ataielewa hali hii upesi, kwa kuwa katika maneno yetu pia mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mtafsiri akiiacha lugha yake ifuate mazoea, mstari unarefuka na kulegea. Akiukaza, sehemu ya maana inamponyoka. Beets alikubali kupoteza baadhi ya maneno ili aubakize mwendo, na tafsiri hizo hakudai kuwa zaidi ya uigaji. Nadhani alijihukumu kwa haki. Zinasomeka kwa urahisi, zina sauti nzuri, na kuna mahali zimepoa kuliko asili yake.

Faida kubwa zaidi ilikuwa mazoezi. Mtu anayeshinda miezi akipima kila silabi ya mwenzake hujifunza kuandika. Tatizo ni kwamba hujifunza pia kujiona katika huzuni za mwenzake. Tenzi za Beets mwenyewe za miaka hiyo zimejaa Byron. José, ya mwaka 1834, inatupeleka Hispania ambako hakuwahi kuishi. Kuser, ya 1835, inarudi Uholanzi ya karne ya 14 na mauaji ya kasri. Guy de Vlaming, ya 1837, ni msiba wa ndoa iliyofungwa kati ya watu wa damu moja bila wao kujua, unaoishia kwenye kifo na wazimu. Zilimpatia umaarufu mapema. Wasomaji walizipenda, wasichana walizinakili kwenye madaftari, na mtunzi wake hakuwa hata amemaliza chuo.

Lakini yeye mwenyewe hakuwa mtu wa huzuni kama wahusika wa tenzi hizo. Shajara aliyoiandika akiwa mwanafunzi inamwonyesha kijana mchangamfu, anayependa kualikwa, anayefurahia mazungumzo ya mezani na kutaka kuwapendeza watu. Aliligundua pengo hilo mapema, kabla hajawekwa kuwa mchungaji. Katika makala yake kuhusu kile alichokiita wakati wake mweusi, aliuaga mtindo wa Byron waziwazi, akisema kwamba giza lile lilikuwa la kuazima. Hili ni muhimu sana kwa hoja yetu, kwa sababu wanaosema kanisa lilimnyang'anya Byron wanasahau kwamba yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kumrudisha. Aliyemwondoa alikuwa Hildebrand.

Sanda ya Keesje

Camera Obscura haina kasri wala maharamia. Ina wavulana wanaocheza mtaani, simba aliyefungiwa kwenye maonyesho ya wanyama, safari ya mashua inayoharibika, wajomba na mashangazi wenye desturi zao. Hildebrand ni mwanafunzi anayekwenda kuwatembelea watu, anakaa sebuleni kwao, anakunywa chai, anatazama. Kitabu kimekusudiwa kuchekesha, na kinachekesha. Ila kipande ambacho mimi nakiweka juu ya vyote hakichekeshi.

Hildebrand yuko nyumbani kwa mjomba wake, Bwana Stastok, katika mji mdogo. Pale huja mzee mmoja kufanya vibarua, Keesje, anayeishi katika nyumba ya maskini inayoendeshwa na kanisa. Siku moja Hildebrand anamkuta analia. Keesje anasimulia. Katika nyumba ile mtu hana chake: nguo ni za nyumba, kitanda ni cha nyumba, na ukifa unazikwa kwa nguo za nyumba. Yeye alikuwa amejiwekea senti kidogokidogo, kwa siri, apate kununua sanda yake mwenyewe. Hilo tu. Mwenzake mmoja akaijua siri, akaisema, na wasimamizi wakamnyang'anya fedha zile kwa kuwa kanuni hairuhusu mkazi kuwa na fedha.

Msomaji yeyote aliyekulia mahali ambapo sanda ni jambo la heshima ya mwisho ya binadamu hahitaji kuelezwa uzito wa kisa hiki. Na tazama Beets alivyokiandika. Anamwacha mzee aseme mwenyewe, kwa lugha ya mtu asiyesoma, akirudia maneno, akipotea njia na kurudi. Hakuna anayehubiri. Wasimamizi si mashetani. Ni watu wa kanuni. Hildebrand anaizungumza habari hiyo kwa mjomba wake, mtu mkaidi wa maoni ya zamani, na mjomba anageuka kuwa na moyo kuliko tulivyodhani. Kijana aliyekuwa akitafsiri vilio vya wafungwa na wapendanao wa Byron alikuwa amepata msiba wa kweli ndani ya nyumba ya mjomba wake, na hakuhitaji mlima hata mmoja.

Mkosoaji mkubwa wa wakati huo, Everhardus Potgieter, hakuridhika. Katika jarida la De Gids alilalamika kwamba kitabu kinanakili maisha ya kila siku tu, bila lengo la juu la kuliinua taifa. Uholanzi ilikuwa imepoteza Ubelgiji katika maasi ya 1830 na ikalazimika kukubali hasara hiyo rasmi mwaka 1839. Wengi walihisi nchi imesinyaa, na Potgieter alitaka fasihi ya kuwakumbusha watu ukuu wa karne ya 17. Naheshimu hamu yake, lakini katika hili alikosea. Sentensi za Keesje zina umri wa karibu karne mbili na bado zinapumua, wakati mashairi mengi ya kizalendo ya miaka ile yamekauka.

Kwa nini shairi liliruhusiwa

Sasa tufike kwenye fundo lenyewe. Mwaka 1840 Beets alioa Aleida van Foreest, mjukuu wa Johannes van der Palm, profesa wa Leiden aliyetafsiri Biblia na aliyesifika kuwa msemaji bora wa Kiholanzi wa zama zake. Wakahamia Heemstede, kusini kidogo ya Haarlem. Huko alikaa hadi 1854, akahamia Utrecht, akawa mchungaji wa mji hadi alipoitwa kufundisha teolojia katika chuo kikuu cha hapo katika miaka ya 1870. Alistaafu 1884 alipotimiza miaka 70, akaishi Utrecht hadi alipofariki tarehe 13 Machi 1903. Aleida alifariki 1856 na kumwachia watoto wengi. Mwaka 1859 Beets alimwoa Jacoba, mdogo wake Aleida. Kwa nje ni maisha ya utulivu, na sina haja ya kuyakokota zaidi.

Katika Uholanzi ya wakati huo mchungaji mshairi hakuwa kioja. Walikuwa wengi kiasi cha kupewa jina lao kama kundi. Sababu zilikuwa za kawaida kabisa. Ili uwe mchungaji ilikupasa usome chuo kikuu Kilatini, Kigiriki na Kiebrania, kwa hiyo katika vijiji vingi mchungaji ndiye aliyekuwa msomi wa lugha kuliko wote. Alikuwa na mshahara, nyumba na chumba cha vitabu. Kila Jumapili usharika wake uliimba Zaburi zenye vina na mizani, kwa toleo lililoidhinishwa mwaka 1773, na tangu 1807 kulikuwa pia na kitabu cha tenzi za Injili. Watu walioimba vina kila wiki walikuwa na sikio la vina. Na nje ya kanisa kulikuwa na kumbi: chama kama Maatschappij tot Nut van 't Algemeen, kilichoanzishwa 1784 kwa ajili ya kuelimisha umma, kilikuwa na matawi nchi nzima ambako watu walikuja jioni kusikiliza hotuba na mashairi yakisomwa kwa sauti. Nani angesimama pale vizuri kuliko mtu ambaye kazi yake ni kusimama mbele ya watu na kusema?

Kwa hiyo shairi lilikuwa na kiti chake katika maisha ya mchungaji. Kuna ubatizo, shairi. Kuna msiba, shairi. Kumbukumbu ya vita, ziara ya mfalme, kifo cha mtoto wa jirani, mashairi. Shairi la namna hiyo husema kile ambacho jamii inataka kisemwe, kwa uzuri. Beets alikuwa hodari mno katika hilo, na umahiri alioupata kwa Byron ulimsaidia. Mistari yake huteleza bila kujikwaa hata pale ambapo wazo ni dogo.

Nathari ya Hildebrand ilidai kitu kingine. Ilimtaka mwandishi aingie nyumba za watu, apokee ukarimu wao, kisha aeleze jinsi walivyo. Mwanafunzi anayepita anaweza kufanya hivyo. Mchungaji hawezi. Wale akina Stastok, wale matajiri wa juzi, wale mashangazi wenye vidomo, sasa walikuwa waumini wake. Ni watu aliowabatizia watoto, waliomwita usiku mgonjwa anapozidiwa, waliomfungulia mlango wakiamini kwamba atakachokiona hakitatoka. Mtu mwenye dhamiri hawezi kukaa kando ya kitanda cha mgonjwa leo na kesho akaandika jinsi mke wake alivyokuwa akihesabu vijiko. Hakuna sheria ya kanisa iliyomkataza Beets kuandika. Kilichomfunga ni siri za watu, na sidhani alifanya vibaya kuziheshimu. Hasara ilikuwa ya fasihi, na ilikuwa kubwa.

Ushahidi uko katika historia ya kitabu chenyewe. Mwaka 1851 lilitoka toleo la tatu la Camera Obscura, nene kuliko yaliyotangulia, likiwa na visa virefu ambavyo wasomaji hawakuwa wameviona, kikiwemo kile cha familia ya Kegge. Ungedhani mchungaji amerudi kwenye kazi yake ya zamani. Kumbe visa hivyo vilikuwa vya tangu enzi za ujana wake, vikakaa kabatini karibu miaka kumi. Alithubutu kuvitoa, lakini vipya hakuandika.

Utajiri wa Kegge na hotuba ya 1856

Kisa cha Kegge kinastahili kusimamiwa kidogo. Bwana Kegge amerudi Uholanzi akiwa tajiri. Ana sauti kubwa, moyo mkunjufu na adabu haba, na watu wa tabaka la juu wanamcheka huku wakila chakula chake. Utajiri wake umetoka Demerary, pwani ya kaskazini ya Amerika ya Kusini, koloni lililokuwa la Waholanzi kabla ya kuchukuliwa na Waingereza. Mashamba ya huko yalilimwa na watumwa. Hildebrand anaona kila kitu ndani ya nyumba hiyo, mapambo ya gharama, bibi mzee anayenyamaza kwa huzuni ya mjukuu aliyefariki, binti anayedanganywa na mtanashati mwenye maneno matamu. Watu ambao jasho lao lilinunua nyumba ile hawachukui nafasi katika masimulizi. Kijana mwenye jicho kali la kuona sanda ya Keesje hakulielekeza jicho lile upande wa pili wa bahari.

Mchungaji alilielekeza. Katika miaka ya Heemstede Beets alikuwa karibu na watu wa vuguvugu la uamsho lililoletwa na wanafunzi wa mshairi Willem Bilderdijk, hasa Isaac da Costa, mshairi aliyetoka katika Uyahudi akabatizwa. Watu hawa walitaka imani ya moyo, na wengi wao waliona kwamba imani hiyo inadai matendo: nyumba za kuwapokea wanawake waliotupwa na jamii, shule, na kukomesha utumwa. Mwaka 1856 Beets alitoa hotuba juu ya ukombozi wa watumwa katika mikutano ya hadhara ya chama cha kupigania kukomeshwa kwa utumwa, The Hague na Amsterdam, na ikachapishwa Haarlem mwaka huohuo. Alikuwa mtu maarufu, anayependwa na watu wa kila upande, na aliutumia umaarufu huo kwa jambo ambalo wenye mashamba na wenye hisa hawakulipenda.

Matokeo yalichelewa. Uingereza ilikuwa imefuta utumwa katika makoloni yake tangu miaka ya 1830. Uholanzi ilifanya hivyo Suriname na visiwa vyake vya Karibi tarehe 1 Julai 1863. Suriname peke yake ilikuwa na watumwa zaidi ya 30,000. Serikali iliwalipa wamiliki wa huko gulden 300 kwa kila mtu aliyeachiwa. Walioachiwa hawakulipwa kitu, na wengi wao wakalazimishwa kufanya kazi kwa mikataba chini ya uangalizi wa serikali kwa miaka kumi zaidi, hadi 1873. Haya yanapaswa kusemwa kila mara miaka ile inapotajwa, kwa kuwa bila hayo hotuba nzuri hubaki hotuba nzuri.

Naileta habari hii hapa kwa sababu inavuruga ule mgawanyo wa mwandishi hai na mchungaji mfu. Katika suala hili, Beets wa joho jeusi aliona mbali kuliko Hildebrand.

Wenzake wawili

Mtu akitaka kujua kwamba kulikuwa na njia nyingine, awatazame wachungaji wengine wawili wa kizazi cha karibu.

Jan Jakob Lodewijk ten Kate, aliyezaliwa 1819, alianza kwa kejeli. Miaka ya 1842 hadi 1844 alikuwa mmoja wa wenye jarida la Braga, lililoandikwa lote kwa mashairi na kuwacheka walimbwende wa Uholanzi na huzuni zao za kuigiza. Halafu akawa mchungaji, kwanza katika kisiwa cha wavuvi cha Marken, mwishowe Amsterdam, na akawa mtafsiri wa ajabu kwa wingi: Tasso, jehanamu ya Dante, Faust ya Goethe, Milton, ngano za Andersen. Mwaka 1866 alitoa De Schepping, utenzi mrefu juu ya siku sita za uumbaji, uliojaribu kupatanisha kitabu cha Mwanzo na elimu ya miamba. Kutunga kulikuwa rahisi mno kwake, na urahisi huo ndio ulioharibu. Dante na Andersen wanatoka mikononi mwake wakizungumza karibu sauti moja, laini na yenye vina safi. Hata hivyo, Waholanzi wengi wasiojua Kiitaliano walikutana na Dante kwa mara ya kwanza kupitia kwake, na hilo si deni dogo.

François HaverSchmidt, mchungaji wa Schiedam tangu 1864, alikwenda upande mwingine. Alitoa mwaka 1867 kitabu chembamba cha mashairi chini ya jina la Piet Paaltjens, mwanafunzi wa kubuni aliyetoweka, ambaye huzuni yake imetiwa chumvi hadi msomaji hajui acheke au alie. Huyu alipata namna ya kusema giza lake kwa kulivika vazi la mzaha. Giza lenyewe lilikuwa la kweli. Alisumbuliwa na huzuni nzito maisha yake mengi, mke wake alifariki 1891, na mwezi Januari 1894 alijiua. Mashairi yake bado yanachapishwa na kupendwa, kuliko yale ya Beets, na nakubaliana na wasomaji hao. Ila sitaki kusikia ikisemwa kwamba Beets alishindwa kwa kuwa alikuwa na furaha.

Kizazi cha 1880 na miti ya miforsadi

Beets alipotimiza miaka 70 mwaka 1884, taifa lilimsherehekea. Mwaka mmoja tu baadaye, Oktoba 1885, vijana wa Amsterdam walianzisha jarida la De Nieuwe Gids na kutangaza kwamba enzi ya wachungaji washairi imekwisha. Willem Kloos na wenzake walitaka shairi liwe hisia ya mtu mmoja, kwa lugha isiyokodishwa. Frederik van Eeden, mmoja wao, alichapisha mwaka huo kitabu cha mashairi ya dhihaka kwa jina la kubuni, akiiga wema na vina vya wachungaji kwa ustadi wa kuchoma. Walishinda. Tangu hapo kuliita shairi la Kiholanzi kazi ya mchungaji ni kulitukana.

Katika mengi walikuwa na haki. Nimesema kwamba Beets alibaki na kile kilichokuwa kipaji chake cha pili, na mashairi yake mengi yanathibitisha hivyo. Lakini kuna shairi moja la uzeeni ambalo halikubali kuingia kwenye hukumu hiyo, nalo linafahamika kwa mstari wake wa kwanza unaohusu vilele vya miforsadi vilivyovuma. Mstari huo unatoka katika Samweli wa Pili, sura ya 5, ambapo Daudi anaambiwa asubiri vitani mpaka asikie sauti ya kwenda katika vilele vya miforsadi, maana hapo Bwana ametangulia mbele yake. Beets analichukua tukio la vita na kuliweka katika usiku wa mzee asiyepata usingizi.

Mshairi anaanza kwa kusema Mungu alipita. Mara, katika mstari unaofuata, anajisahihisha: hapana, hakupita, alisita, alijua ninachohitaji, akasema nami. Marekebisho hayo ndiyo moyo wa shairi. Msomaji wa Biblia anasikia nyuma yake habari ya Eliya pangoni, ambako Bwana alipita na sauti ikaja baadaye, ndogo na ya utulivu. Sentensi ni fupi, mistari ni mifupi zaidi, maneno mengi ni ya silabi moja au mbili. Mawazo yaliyomtesa yanafukuzwa polepole, analala, asubuhi anaamka. Hakuna mafundisho kwa mtu yeyote. Na ule mwendo wa mistari mifupi ambao kijana alihangaika kuutoa kwa Byron unapatikana hapa bila jasho, katika lugha ya nyumbani, kwa jambo lililomtokea mwenyewe. Kizazi cha 1880 kilichodai hisia ya mtu mmoja kingelisoma shairi hili kwa makini, kama lisingekuwa na jina la Beets chini yake.

Mwaka 1887, karibu miaka 50 baada ya Camera Obscura, Beets alichapisha kijitabu cha maelezo juu yake: desturi zilizokufa, nguo zisizovaliwa tena, maana ya vitu ambavyo vijana hawakuvijua. Alikuwa amekuwa mfafanuzi wa kitabu chake mwenyewe. Shule za Uholanzi ziliendelea kukisomesha kwa miongo mingi, na wahusika wake wakawa watu wa kutajwa mazungumzoni kama majirani. Baada ya kifo chake Haarlem iliamua kumjengea ukumbusho katika msitu wa mji, palepale ambapo kisa cha Nurks, mtu mwenye kero zisizoisha, kinatokea. Mchongaji Jan Bronner alishinda shindano mwaka 1914, na sanamu zake za wahusika, Nurks akiwemo, zikasimamishwa hatimaye mwaka 1962, zikizunguka bwawa, mwandishi akiwa karibu nao. Ukumbusho huo haukupewa jina la mchungaji wa Utrecht wala la mtunzi wa mashairi. Unaitwa ukumbusho wa Hildebrand.